Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Bakgamoni Mtandaoni

Tangu tulipoandika kuhusu michezo ya ubao inayochezwa kwa simu, barua nyingi kuliko zote zimekuja kuhusu bakgamoni, mchezo ambao Waarabu wengi huuita tawla. Tumechagua barua nne. Tumezifupisha, lakini hoja ni za wenyewe.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni Mpemba ninayefanya kazi Muscat. Nina wenzangu wa kazini kutoka Lebanon na Misri ambao jioni hukaa mkahawani wakicheza tawla, nami nikavutiwa nikapakua programu ya bakgamoni kwenye simu. Nacheza kila usiku, lakini nafungwa leo kama nilivyofungwa siku ya kwanza. Isitoshe, mchezo wa simu haufanani na ule ninaouona: wao kete ikikaliwa hubanwa pale pale, ilhali kwenye simu huondolewa. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi wanaojifunza huko Ghuba. Ubao wa tawla ni mmoja, lakini michezo inayochezwa juu yake ni mingi. Huo unaoueleza, ambao kete ya peke yake hukaliwa na ya mpinzani ikakwama hapo hapo mpaka iliyoikalia iondoke, ni mahbusa, na kila mchezaji huuanza akiwa na kete zake zote 15 mahali pamoja. Bakgamoni ya mtandaoni ni mchezo mwingine. Humo kete iliyo peke yake ikipigwa huwekwa kwenye kigawanyo cha katikati ya ubao, na mwenyewe haruhusiwi kusogeza kete nyingine yoyote mpaka airudishe hiyo kupitia robo ya nyumbani ya mpinzani wake. Tofauti hiyo moja hugeuza hesabu zote, kwa hiyo mbinu unazoziona mkahawani wakati wa mahbusa uziache huko huko. Waombe wenzako wacheze nawe ule wa kupiga kete, nao bila shaka wanaujua.

Sasa tuutazame ubao. Una pembe 24, ambazo humu nitaziita vituo. Kete zako 15 hupangwa hivi: mbili zipo mbali kabisa kwenye kituo cha 24, tano kwenye cha 13, tatu kwenye cha 8, na tano kwenye cha 6. Ukijumlisha hatua ambazo kete hizo zinapaswa kutembea hadi zote zitoke ubaoni utapata 167, na mpinzani wako ana 167 vilevile. Kwa sababu hiyo anayeanza hudhani kwamba huu ni mchezo wa mbio tu, na kila akirusha dadu hukimbiza kete iliyo karibu na kidole chake. Mbio zipo, lakini mara nyingi mshindi huamuliwa na nani amefunga vituo gani. Kituo chenye kete zako mbili au zaidi kimefungwa, na mpinzani hawezi kutua hapo. Ukifunga vituo sita mfululizo, kete yake iliyo nyuma ya ukuta huo haiwezi kupita hata arushe nini.

Ndiyo maana ningependa kitu cha kwanza unachojifunza kwa moyo kiwe namna ya kufungua mchezo kwa nambari nne zinazokupa kituo papo hapo. Ukipata 3 na 1, toa kete moja kituo cha 8 uisogeze hatua tatu, na nyingine kituo cha 6 uisogeze hatua moja. Zitakutana kwenye kituo cha 5, ambacho ni hazina ya kila mchezaji mwanzoni mwa mchezo. Ukipata 4 na 2, kete moja itoke kituo cha 8 na nyingine cha 6, zikutane kwenye cha 4. Ukipata 6 na 1, kete ya kituo cha 13 na ya kituo cha 8 zikutane kwenye cha 7, nawe utakuwa na vituo vitatu vilivyofuatana: cha 6, cha 7 na cha 8. Ukipata 5 na 3, funga cha 3. Kuhusu hizo nne hakuna ubishi wa maana kati ya mabingwa. Ya tano ninayokuongezea ni 6 na 5, ambayo huikimbiza kete moja ya nyuma kutoka kituo cha 24 hadi cha 13 kwa mwendo mmoja. Kwa kuwa anayeanza hujulikana kwa kila mmoja kurusha dadu moja, na zikifanana hurudiwa, nambari za kufungulia zipo 15 tu. Hizo kumi zilizobaki utazijua polepole, na katika nyingi kati ya hizo hata wataalamu wana chaguo zaidi ya moja.

Ama kuhusu kucheza kila usiku bila kusonga mbele, sababu yake ipo ndani ya mchezo wenyewe. Katika drafti au bao, ukikosea unaadhibiwa hapo hapo na unaona ulipokosea. Bakgamoni ina dadu, na dadu huficha makosa: unaweza kucheza vibaya ukashinda, kesho ukacheza vizuri ukafungwa, na katika hali zote mbili ukaondoka na fundisho la kinyume. Mtu anaweza kucheza miaka mingi namna hiyo akabaki pale pale, na hilo linanisikitisha, maana dawa yake ipo na haina gharama.

Dawa hiyo ni programu ya uchambuzi. GNU Backgammon ni ya bure, huwekwa kwenye kompyuta, na ukishaipakua haihitaji bando. Inacheza kwa kiwango cha mabingwa na, lililo muhimu zaidi, inaweza kuupitia mchezo uliokwisha na kukuonyesha kila mwendo wako pamoja na ule ambao ingeuchagua yenyewe. Ukipendelea kucheza na watu, tovuti ya Backgammon Galaxy nayo hukuonyesha makosa yako baada ya mchezo. Katika uchambuzi huo mwendo huandikwa kwa nambari za vituo, kama 8/5 6/5, yaani kete moja kutoka cha 8 kwenda cha 5 na nyingine kutoka cha 6 kwenda cha 5. Pembeni kuna tarakimu ya hasara. Ukiona 0.100 maana yake ni kwamba kwa mwendo ule ulipoteza, kwa wastani, sehemu ya kumi ya pointi moja. Mwishoni makosa yote huunganishwa kuwa kipimo kimoja, ambacho kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo mchezaji alivyo hodari: walio chini ya 5 ni wa daraja la juu duniani, na anayezidi 20 bado ni mwanafunzi.

Namna ya kuitumia ni hii. Cheza mchezo mmoja tu, usiobanwa na saa. Ukimalizika, fungua uchambuzi na utafute makosa matatu makubwa. Hayo madogo yaache. Kwa kila kosa, rudisha ubao ulivyokuwa, uutazame bila kuangalia jibu, kisha ujiulize programu iliona nini ambacho wewe hukukiona: kituo ulichoweza kukifunga, kete uliyoiacha peke yake bila sababu, au zile mbili za nyuma ulizozisahau mpaka zikafungiwa. Hilo la mwisho ndilo utakalolikuta mara nyingi zaidi, kwa kuwa kete za nyuma haziumizi jicho mpaka ukuta uwe umeshajengwa mbele yake. Ukifanya hivyo kwa mchezo mmoja kila jioni utajifunza zaidi kuliko kwa michezo kumi ya haraka haraka kabla ya kulala.

Wala usione shaka kuiamini kompyuta katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alitengeneza programu iliyoitwa TD-Gammon, ambayo ilijifunza kwa kucheza na yenyewe michezo mingi mno, ikianza bila kujua mbinu yoyote. Kwa miongo kadhaa wachezaji waliopata 4 na 1 mwanzoni walikuwa wakiishusha kete moja kutoka kituo cha 6 hadi cha 5 na kuiacha peke yake, wakitumaini kukifunga kituo hicho baadaye. Programu ile ikaona ni heri kusogeza kete ya nyuma kutoka cha 24 hadi cha 23. Mabingwa walichunguza, wakakubali, na wakabadilisha mchezo wao. Ikiwa wao walikubali kufundishwa, basi nasi tunaweza.

SWALI: Mhariri, nina hakika kwamba programu hizi zinaiba. Kila ninapoacha kete moja wazi, kompyuta inapata nambari ile ile inayoitaka. Kete yangu ikipigwa, mimi siingii. Na yenyewe hupata pacha, yaani dadu mbili zinazofanana, kila wakati. Kuna haja gani ya kujifunza mchezo ambao dadu zake zimepangwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, lalamiko lako ni la kila mtu anayecheza bakgamoni mtandaoni, nami silidharau, kwa sababu linatoka kwa mtu anayeutazama ubao kwa makini. Tulipime kwa hesabu.

Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Tuseme kete yako iko peke yake, hatua sita mbele ya kete ya mpinzani. Namna 11 zina 6 ndani yake. Ongeza 5 na 1 kwa namna mbili, 4 na 2 kwa namna mbili, 3 na 3, na 2 na 2 (dadu zikifanana, nambari yake huchezwa mara nne), utafikia 17. Kwa hiyo, kama hakuna kituo chako kilichoziba njia, anakupiga mara 17 katika 36, karibu nusu. Sogeza kete hiyo hatua moja tu, iwe hatua saba kutoka kwake, na namna za kukupiga zinashuka hadi 6: 6 na 1, 5 na 2, 4 na 3, kila moja mara mbili. Hatari imepungua hadi karibu theluthi ya ilivyokuwa, kwa hatua moja! Kompyuta inajua hesabu hizi, nayo hujiweka mahali ambapo nambari nyingi zinaifaa na kukuacha wewe mahali ambapo nambari chache zinakufaa. Kwa macho yetu inaonekana ina bahati.

Kuingia baada ya kupigwa ni vivyo hivyo. Mpinzani akiwa amefunga vituo vinne kati ya sita vya nyumbani kwake, utashindwa kuingia mara 16 katika 36. Akifunga vitano, mara 25 katika 36. Kwa hiyo ukikwama hapo, swali la kujiuliza ni kwa nini ulijiweka katika hatari ya kupigwa wakati nyumba yake ilikuwa imeshafungwa namna hiyo.

Kuhusu pacha, hutokea kwa wastani mara moja katika mirusho sita. Katika mirusho 20 tunatarajia tatu hivi, lakini wastani hauahidi usawa: mchezaji anayerusha mara 20 atapata pacha tano au zaidi katika michezo kama 23 kati ya kila 100, bila hila yoyote. Zikimwangukia mpinzani unazikumbuka wiki nzima, zikikuangukia wewe unaziona ni haki yako. Sote tuko hivyo.

Ukiwa bado na wasiwasi, zipo njia mbili za kujiridhisha. GNU Backgammon hukuruhusu kurusha dadu zako za mkononi juu ya meza na kuingiza nambari mwenyewe, zako na zake. Cheza hivyo kwa muda, kisha uone kama kompyuta itaacha kukufunga, haitaacha. Njia ya pili ni kuufungulia mchezo wako uchambuzi na kutafuta sehemu inayopima bahati ya kila mrusho, maana humo kila mchezaji huandikiwa jumla yake, na utaona kwa tarakimu nani alibebwa na dadu na nani alijiangusha.

Bahati yenyewe ipo, tena hata kwa wakubwa. Mwaka 1979 huko Monte Carlo, programu ya BKG 9.8 iliyotengenezwa na Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilimfunga bingwa wa dunia wa wakati huo, Luigi Villa wa Italia, kwa pointi 7 kwa 1. Berliner aliupitia mchezo baadaye akakiri waziwazi kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi na kwamba dadu ziliipendelea mashine yake. Namheshimu sana kwa hilo: alishinda mbele ya dunia nzima, na bado akauchambua mchezo wake kwa uaminifu.

SWALI: Assalamu alaykum. Kijana wangu wa sekondari anataka kujifunza bakgamoni kwenye tableti. Nimesikia katika darsa msikitini kwamba mchezo wa nardi umekatazwa. Je, ndio huu? Na vipi hizo sarafu za kwenye programu? (Mzazi, Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam, mzazi wetu. Naam, bakgamoni ni katika jamii ya nardi, na ulichosikia kina asili. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Buraida kwamba Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimfananisha anayecheza nardashiri na mtu aliyechovya mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Imamu Nawawi, akiishereheshea hadithi hiyo, anasema kuwa ni hoja ya Imamu Shafi na ya wanazuoni walio wengi katika kuuharamisha mchezo huo, kisha anataja kwamba Abu Is-haq al-Marwazi, ambaye ni wa madhehebu hayo hayo ya Shafi, aliuona kuwa ni makuruhi bila kufikia haramu. Safu hii haina mamlaka ya kutoa fatwa, na wewe una masheikh karibu nawe. Mpelekee sheikh wako suala hili likiwa na maelezo kamili, kwamba ni mchezo wa dadu, wa mtandaoni, na useme kama kuna fedha au hakuna.

Kuhusu fedha sina haja ya kukutuma kwa mtu. Kamari imeharamishwa kwa wazi, na hata kwa msomaji asiye Mwislamu hakuna mahali pabaya pa kujifunzia mchezo kuliko meza ya dau. Programu nyingi za simu hukupa sarafu za bure mwanzoni, kisha zikiisha zinakuuzia nyingine kwa fedha halali ya mzazi. Kijana haoni kwamba anacheza kamari, lakini anajengewa mazoea yake: kila akifungwa anataka kurudia upesi ili azirudishe. Popote utakapoishia na sheikh wako, funga malipo kwenye tableti hiyo kwa nenosiri ambalo kijana halijui. Na ikiwa utaamua asicheze mchezo wa dadu, hamu yake ya kufikiri usiiache ikapotea bure, kwani bao na drafti hazina dadu hata moja, na Unguja haina uhaba wa mabarazani pa kuzijifunzia.

SWALI: Mhariri, niko London, nacheza mtandaoni mashindano ya pointi 7. Kuna dadu kubwa yenye nambari 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mpinzani akinipa, mimi hukataa kila mara kwa sababu huwa tayari ananizidi. Nafanya sawa? (Msomaji, London)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, unatupa pointi nyingi. Dadu hiyo, ambayo ilizuka New York katika miaka ya 1920, ni ya kuongeza thamani ya mchezo: anayekupa anasema mchezo sasa uhesabiwe mara mbili, nawe ukikataa unapoteza thamani iliyokuwapo. Chukua hali moja na uicheze mara nne. Ukikataa mara zote, umepoteza pointi 4. Ukikubali, na nafasi yako ya kushinda ni robo, utafungwa mara tatu kwa pointi mbili mbili, yaani 6, na kushinda mara moja kwa pointi 2. Hasara yako ni 4 vilevile. Kwa hiyo mtu mwenye nafasi inayozidi robo anapaswa kukubali, ingawa anazidiwa. Angalizo ni moja: ukiona hatari ya kufungwa gamoni, yaani mpinzani kumaliza kutoa kete zake zote kabla wewe hujatoa hata moja, ujue mchezo huo huhesabiwa mara mbili tena, na hapo robo haitoshi.

Katika mbio tupu, ambapo kete zimeshapishana na hakuna wa kumpiga mwenzake, ipo kanuni rahisi. Mhesabie anayeongoza hatua zake zilizobaki. Zikiwa 100, kwa mfano, aongezee dau kwa mara ya kwanza anapokuwa mbele kwa hatua 8, na kama dadu hiyo ilikwishakuwa mikononi mwake asubiri 9. Nawe unaweza kukubali mpaka ukiwa nyuma yake kwa hatua 12. Zikizidi hapo, kataa bila majuto.

Kwa kuwa unacheza hadi pointi 7, zingatia pia sheria inayobeba jina la Crawford: mmoja wenu anapofika pointi 6, katika mchezo unaofuata mara moja hakuna anayeruhusiwa kuongeza dau. Mchezo huo ukishapita ruhusa hurudi, na kama wewe ndiye uliyeachwa nyuma, toa dadu hiyo mapema kabisa, maana mwenzako anahitaji pointi moja tu, na wewe huna unachopoteza kwa kuzifanya kuwa mbili.